Jinsi ya kukata shauri gumu, hatua kwa hatua

Niondoke au nibaki? Nikubali au nikatae? Nimwambie au ninyamaze? Maswali huja kwa sura hizo hizo kila mara, na anayeuliza huwa amekwisha kukosa usingizi siku kadhaa. Kinachomkwamisha kwa kawaida si woga wala uhaba wa akili. Analizungusha jambo kichwani bila kuliandika, na kila mzunguko unamrudisha kwenye jibu alilokuwa nalo tangu mwanzo. Hapa utapata namna ya kulitoa jambo kichwani, kulikagua kipande kwa kipande, na kufikia shauri unaloweza kulitetea hata kama mambo hayatakwenda ulivyotaka.

Kazi hii huitwa fikra tunduizi. Kwa vitendo, maana yake ni kutolikubali wazo kwa sababu tu linakupendeza au linakutisha. Unaliuliza: nimekujuaje, na nini kingenionyesha kuwa si kweli?

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mama yako ni mzee, anaishi peke yake, na ameanza kuanguka. Unajiuliza kama umhamishie kwako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu. Simu inawezekana, lakini karatasi inakuwekea kila kitu mbele ya macho kwa pamoja, na haikuletei ujumbe katikati ya kazi.
- Vikao viwili vya saa moja hivi, vikiachana kwa usiku 2 au zaidi. Katikati ya vikao ndipo unapotafuta taarifa.
- Tarehe ya mwisho, imeandikwa juu ya karatasi ya kwanza.
- Mtu mmoja ambaye hatafaidika wala kupoteza chochote kwa uamuzi wako. Ndugu na mwenzi wako ni muhimu, ila wao wana maslahi yao ndani yake.
- Mwili uliotulia. Usiketi na karatasi ukiwa na njaa, hasira, pombe kichwani, au baada ya usiku wa kukesha.

Tahadhari moja kubwa: hatua hizi si za hatari ya sasa hivi. Kama unapigwa, unatishiwa au una mawazo ya kujidhuru, nenda kwanza mahali salama au kwa mtu wa kukusaidia. Karatasi itasubiri.

Hatua ya 1: Pima uamuzi wenyewe

Jiulize: nikifanya hivi kisha nikaona nimekosea, naweza kurudi nilipokuwa? Kwa gharama gani, na baada ya muda gani? Uamuzi unaotenguka kwa urahisi usiupe zaidi ya siku moja au mbili. Ujaribu tu, uone. Uamuzi usiotenguka, au unaotenguka kwa maumivu makubwa, mfano kuuza nyumba, kuvunja ndoa au kufanyiwa upasuaji usio wa dharura, unastahili hatua zote zinazofuata na majuma kadhaa.

Kosa la kawaida ni kugeuza mambo haya. Mtu anatumia miezi miwili kuchagua kozi ambayo angeweza kuiacha baada ya juma moja, kisha anatia sahihi mkataba wa miaka mitano jioni moja kwa sababu aliambiwa nafasi zinaisha.

Hatua ya 2: Andika swali upya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usipite haraka. Andika swali kama linavyokujia, kwa mfano: "Nimchukue mama au nisimchukue?" Swali la ndiyo au hapana lina kasoro mbili. Linakuonyesha njia moja tu na kivuli chake, na linakuficha shida yenyewe. Kumchukua mama ni jibu mojawapo. Shida ni ipi?

Uliza "ili iweje?" mpaka ufike kwenye shida. Nimchukue mama, ili iweje? Ili asikae peke yake. Asikae peke yake, ili iweje? Ili akianguka apate msaada haraka, au bora zaidi, asianguke. Sasa liandike tena kwa sentensi moja yenye mhusika, hitaji na muda: "Mama apate vipi usalama, mchana na usiku, kwa miezi 12 ijayo, bila mimi kuacha kazi?"

Kisha ikague sentensi yenyewe. Maneno "bila mimi kuacha kazi" yameingia kimyakimya. Je, ni sharti la kweli, kwa maana kwamba kazi ikiisha hata mama hatapata dawa, au ni jambo unalolitamani tu? Yote mawili ni halali. Lakini sharti na tamanio lisilochunguzwa yakichanganyika, utazifunga njia ambazo hukuziangalia hata mara moja.

Hatua ya 3: Tafuta njia zisizopungua tatu

Njia mbili ni mvutano. Kuanzia tatu, unaanza kufikiri. Ukikwama, jifanye kwamba njia mbili unazozijua zimepigwa marufuku kuanzia leo, ungefanya nini? Kwa mfano wetu: mama ahamie kwako, abaki kwake na msaidizi wa kulala naye, ndugu wapokezane miezi, nyumba yake irekebishwe, aje kwako mwezi mmoja kwa majaribio huku nyumba yake ikibaki kama ilivyo.

Andika pia njia ya kuacha mambo yalivyo. Watu huiona kama kutoamua, kumbe nayo ni uamuzi, na ina gharama yake inayoendelea kila siku. Ipe mstari wake, uikague kwa ukali ule ule.

Hatua ya 4: Weka vigezo kabla ya kupima

Andika mambo manne hadi sita ambayo jibu zuri lazima liyatimize au liyakaribie. Yatenge: haya ni ya lazima, haya ni ya kutamanika. Njia isiyotimiza la lazima inafutwa hapo hapo, hata kama inavutia.

Vigezo viandikwe sasa, kabla ya kuangalia njia ipi inashinda. Ukiviandika baadaye, utajikuta umeunda vigezo vinavyofanana na njia uipendayo. Ukiona umefika vigezo kumi na viwili, unaogopa kuchagua, rudi uvipunguze.

Hatua ya 5: Tenga unachojua na unachodhani

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chora safu tatu: *Dai*, *Nimejuaje*, *Nikikosea itakuwaje*. Andika kila sentensi unayojiambia kuhusu jambo hili, hata ile unayoona haina ubishi.

"Mama hataki kutoka kwake." Umejuaje? Dada alisema. Dada alimuuliza lini, na kwa maneno gani? Pengine hakuna aliyemuuliza.

"Mwajiri hatakubali nifanye kazi siku nne." Umejuaje? Hujauliza. Hilo ni dhana, liandike kuwa dhana.

"Mama anaanguka mara kwa mara." Mara ngapi katika miezi 3 iliyopita? Saa ngapi, chumba gani, alikuwa anafanya nini? Tuseme ukiuliza unapata kwamba ameanguka mara mbili, zote usiku, akienda chooni gizani. Sasa jambo limebadilika sura. Taa ya njiani, kishikio ukutani na zulia linaloteleza kuondolewa ni kazi ya siku moja, na huenda vikapunguza hatari kuliko kumhamishia katika nyumba asiyoijua yenye ngazi. Swali lingine linaloibuka ni la daktari: baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za usingizi huleta kizunguzungu mtu anaposimama. Zipitiwe na daktari, wala asiziache kwa shauri la familia. Ulikuwa unapanga kuhamisha maisha ya watu wawili kwa neno "mara kwa mara", ambalo hakuna aliyelihesabu.

Usijaribu kuthibitisha kila kitu, hutamaliza. Weka alama kwenye madai mawili au matatu ambayo yakiwa si kweli, jibu lako litabadilika. Hayo tu ndiyo ya kuyafuatilia kati ya kikao cha kwanza na cha pili: kupiga simu, kuuliza ana kwa ana, kusoma mkataba mwenyewe badala ya kusimuliwa. Kikao cha kwanza kinaishia hapa. Hatua ya 6 inafanyika katika siku za katikati.

Hatua ya 6: Tafuta kinachokupinga

Mwaka 1960 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alichapisha jaribio ambamo watu walipewa namba 2, 4, 6 na kuambiwa kwamba zinafuata kanuni fulani. Waigundue kwa kutaja namba nyingine tatu tatu. Wengi walitaja zilizoafikiana na wazo lao, kama 8, 10, 12, wakaambiwa ni sawa, wakatangaza kanuni isiyo sahihi. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Njia ya haraka ya kuigundua ilikuwa kutaja namba ambazo, kwa wazo lako, zingekataliwa, na wengi hawakufanya hivyo.

Ndivyo tunavyofanya na maisha yetu. Anayetaka kuacha kazi huwatafuta walioacha kazi wakafanikiwa. Kwa hiyo fanya mambo matatu kwa makusudi.

Kwanza, kamilisha kwa maandishi: "Nitabadili mawazo nikigundua kwamba…" Ukishindwa kuimalizia sentensi hiyo, umekwisha kuamua, na unachotafuta sasa ni baraka. Ni bora ulijue hilo mapema.

Pili, andika hoja tano za njia usiyoipenda, kwa nguvu ambayo anayeiunga mkono angesema, "Ndivyo hasa." Hoja za kubeza hazihesabiki.

Tatu, zungumza na watu waliokwisha kupita njia unayoielekea, angalau mmoja anayeridhika na mmoja anayejuta. Usiwaulize "nifanyeje?" Waulize ilichukua muda gani, iligharimu nini ambacho hawakukitarajia, mwezi wa tatu tangu waanze ulikuwaje, na nini wangekijua mapema. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba tunapokadiria mipango yetu tunatazama mpango wenyewe tu na kusahau yaliyowapata wengine waliofanya jambo kama hilo, na ndiyo maana makadirio yetu ya muda huwa mafupi mno. Yaliyowapata wengine yawe mahali pako pa kuanzia, kisha ndipo urekebishe kwa tofauti ulizo nazo.

Hatua ya 7: Pima uzito

Sasa ni kikao cha pili. Kama njia zimebaki mbili, mbinu ya Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, bado inafaa. Mwaka 1772 alimwandikia mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley barua akimweleza jinsi anavyoamua: anagawa karatasi sehemu mbili, za kukubali na za kukataa, anaongeza hoja kwa siku tatu au nne kadiri zinavyomjia, kisha anafuta zile zenye uzito sawa pande zote mbili. Hoja moja inaweza kufuta mbili za upande wa pili. Kinachobaki kinaonyesha mizani imelalia wapi. Zingatia siku tatu au nne hizo: hoja za leo jioni zinafanana na hali yako ya leo jioni.

Njia zikiwa tatu au zaidi, chora jedwali. Kila kigezo kipe uzito wa 1 hadi 5, kila njia ipe alama ya 1 hadi 5 kwa kila kigezo, zidisha, jumlisha. Tuseme vigezo ni usalama wa usiku (uzito 5), gharama (4) na mama kubaki karibu na watu aliowazoea (3). Njia ya kuhamia kwako inapata alama 5, 4 na 1: 25 + 16 + 3 = 44. Njia ya kubaki kwake na msaidizi inapata 4, 2 na 5: 20 + 8 + 15 = 43.

Usitangaze mshindi kwa tofauti ya moja. Badili uzito mmoja uone. Kigezo cha watu aliowazoea kikipanda kutoka 3 hadi 4, hesabu inakuwa 45 kwa 48, na mshindi amegeuka. Jedwali limekuonyesha kwamba ubishi wote unasimama juu ya uzito wa jambo moja, na mwenye haki ya kuutaja uzito huo ni mama mwenyewe. Hili hutokea mara nyingi: tunapima kwa makini sana kitu ambacho ni cha mtu mwingine kupima.

Kosa la kuepuka ni kurekebisha alama kidogo kidogo hadi njia uipendayo ishinde. Ukijikuta unafanya hivyo, simama. Kuna kigezo cha kweli ambacho hukukiandika, labda kwa aibu: unataka kuwa karibu na mama, au humudu kuishi naye nyumba moja. Kiandike. Kina haki ya kuwa mezani kama vingine.

Hatua ya 8: Jifanye imekwisha kushindikana

Mbinu hii ilipata umaarufu kupitia mwanasaikolojia Gary Klein. Chukua njia inayoongoza. Sema: mwaka mmoja umepita, na mambo yameharibika vibaya. Kwa dakika 10, andika sababu zote zilizoiharibu, kana kwamba unasimulia yaliyokwisha kutokea. Ukijiuliza "nini kinaweza kwenda vibaya?" utapata majibu ya juu juu, ukisimulia kushindwa kulikotokea, akili inatoa mambo mahususi: msaidizi aliondoka bila taarifa na hapakuwa na wa zamu, ndugu waliacha kuchangia mwezi wa nne tangu kuanza, mama alinyamaza kwa sababu hakutaka kuonekana mzigo.

Kwa kila sababu andika mojawapo ya mawili: namna ya kuizuia, au dalili ya mapema itakayokuonya. Kama sababu nzito haina kinga wala dalili, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 9: Kata shauri na uweke kumbukumbu

Lala. Asubuhi, chagua, kisha andika kwenye nusu ukurasa: tarehe, ulichochagua, sababu tatu kuu, unachotarajia kitokee, una uhakika kwa asilimia ngapi, siku ya mapitio, na dalili zitakazokufanya ubadili njia. Andika pia tendo moja la kufanya ndani ya saa 48, dogo na la wazi: kupiga simu kwa fulani, kununua taa.

Kumbukumbu hii ni ya lazima. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba watu wakishajua matokeo, huona kana kwamba yalikuwa wazi tangu awali. Bila maandishi utajilaumu kwa jambo ambalo hakuna ambaye angelijua, au utajisifu kwa bahati. Uamuzi mzuri unaweza kuishia vibaya, na wa hovyo ukaishia vizuri. Unachoweza kukihukumu kwa haki ni jinsi ulivyotumia taarifa ulizokuwa nazo siku ile.

Ukikwama

*Njia mbili zinalingana kabisa.* Chagua inayotenguka kwa gharama ndogo. Zote zikitenguka sawa, rusha sarafu. Ukijikuta unatamani iangukie upande fulani, umepata kigezo ulichokiacha. Mchumi Steven Levitt alichapisha mwaka 2021 utafiti wa watu waliorusha sarafu kuamua mambo makubwa: baada ya miezi 6, waliofanya badiliko walisema wana furaha zaidi kuliko waliobaki walipokuwa. Usilichukue kama ruhusa ya kubadili kila kitu. Waliojitokeza walikuwa tayari wamesimama njia panda. Linakuambia tu kwamba kama umesita kwa muda mrefu sana, pengine unakipa kile ulichokizoea uzito kisioustahili.

*Nimekwisha kutumia miaka mingi, siwezi kuacha sasa.* Miaka hiyo haitarudi, ukibaki au ukiondoka. Uliza: kama ningekuwa naanza leo, nikijua ninayoyajua, ningeingia? Jibu likiwa hapana, linganisha gharama za kuondoka na za kubaki kuanzia leo kwenda mbele. Kitu ulichojifunza katika miaka hiyo unaondoka nacho.

*Kila mtu ananishauri lake.* Waache wakupe taarifa, hukumu baki nayo mwenyewe. Kwa kila mshauri andika amejuaje, na atapoteza nini akikosea. Washauri wengi hupungua hapo.

*Hesabu inasema hivi, moyo unakataa.* Usiunyamazishe moyo, wala usiufuate ukiwa umefumba macho. Uliza unakataa nini hasa, uandike kwa sentensi moja. Ukisema "namwogopa yule mtu", hiyo ni taarifa nzito. Ukisema "nitaonekanaje", ipe uzito wake kwenye jedwali, uone kama inabadili kitu.

*Nikianza kuandika nazidiwa na hisia.* Andika kana kwamba unamshauri rafiki, ukitumia jina lako badala ya "mimi". Wanasaikolojia Igor Grossmann na Ethan Kross waliripoti mwaka 2014 kwamba watu huzifikiria shida za wengine kwa busara kuliko zao wenyewe, na kwamba kujitazama kwa mbali hupunguza pengo hilo. Kama huli, hulali na hufanyi kazi kwa majuma mawili au zaidi, tafuta kwanza msaada wa mtaalamu wa afya.

*Tarehe imefika na taarifa hazijatosha.* Jiulize kama kuna taarifa mahususi itakayopatikana siku fulani unayoijua. Kama ipo, ahirisha mara moja tu, hadi siku hiyo. Kama haipo, kusubiri hakutakuongezea kitu. Chagua hatua ndogo inayokuachia milango mingi, kama ule mwezi mmoja wa majaribio.

*Nimeamua lakini sianzi.* Tendo la kwanza ni kubwa mno, au bado hujamwambia mtu anayepaswa kuambiwa. Ligawe tendo hadi lifanyike kwa dakika 15. Na mtu huyo mwambie leo, kabla hajasikia kwa wengine.

Siku ya mapitio ikifika, soma nusu ukurasa wako kabla ya kuzungumza na yeyote. Linganisha ulichotarajia na kilichotokea. Badili njia ikiwa dalili ulizoandika zimeonekana. Siku moja mbaya isiyomo kwenye orodha usiihesabu. Kama hakuna dalili hata moja, weka tarehe nyingine miezi 3 mbele na uifunge karatasi.